Je, Wajua? Anwani ya Tovuti, Kipande kwa Kipande

Mwenye karakana ya pikipiki kwenye barabara ya Kinsevere, mwalimu wa Katuba na mama anayepika chakula cha harusi kule Ruashi wote wanaweza kufungua tovuti leo. Watu watawapataje? Kazi ya kwanza iko kwenye ule mstari mfupi ulio juu ya kivinjari, yaani anwani. Wengi huunakili bila kuusoma. Safu hii inaufungua kipande kwa kipande, tukianzia hapa Haut-Katanga.

Je, wajua kwamba anwani moja inaweza kuwa na sehemu saba? Tazama hii: https://www.example.com/lubumbashi/kinsevere?lugha=sw#historia. "https" ni itifaki, yaani kanuni ya mazungumzo kati ya simu yako na seva. "www" ni kikoa kidogo. "example" ni jina lililosajiliwa. ".com" ni kikoa cha juu. "/lubumbashi/kinsevere" ni njia ya kuufikia ukurasa. "?lugha=sw" ni ombi la ziada kwa seva. "#historia" humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye sehemu fulani ya ukurasa. Ukizijua hizo saba, hakuna anwani itakayokutisha.

Je, wajua kwamba example.com haiuzwi? Tangu 1999 jina hilo limetengwa rasmi kwa ajili ya mifano na mafunzo, ndiyo maana tunalitumia hapa bila kumgusa mtu.

Je, wajua kwamba mikwaju miwili inayofuata "https:" haikuwa na ulazima? Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, alikiri hivyo mwaka 2009. Kanuni za uandishi wa anwani zilichapishwa Desemba 1994, na tangu hapo dunia nzima inaandika mikwaju hiyo kwa sababu ya uamuzi wa mtu mmoja.

Je, wajua kwamba Kinsevere ni jina lenye bahati kwenye utafutaji? Mgodi wa shaba wa Kinsevere, kama kilomita 30 kaskazini mwa Lubumbashi, umekuwa mikononi mwa kampuni ya MMG tangu iliponunua Anvil Mining mwaka 2012, na jina lake husomwa na wafanyabiashara wa madini kuanzia Melbourne hadi Hong Kong. Ni vigumu kulichanganya na mahali pengine. Fundi anayeandika /karakana-ya-pikipiki-kinsevere anashindana na kurasa chache. Anayeandika /karakana-congo anashindana na nchi mbili nzima.

Je, wajua kwamba Lubumbashi ina Kenya yake? Kenya ni mojawapo ya komini za mji huu, pamoja na Kamalondo, Katuba, Kampemba, Ruashi, Annexe na komini inayoitwa Lubumbashi kama mji wenyewe. Muuza nguo akiandika njia ya /nguo-kenya, mtafutaji atadhani duka liko Nairobi au Mombasa, na injini ya kutafuta nayo haina cha kuiongoza. Akiandika /nguo-kenya-lubumbashi, shaka imekwisha. Neno moja la ziada linamwokoa mteja na safari ya bure.

Je, wajua kwamba historia ya Katanga ni somo zuri la kuchagua maneno ya anwani? Élisabethville iliitwa Lubumbashi mwaka 1966. Jadotville ikawa Likasi. Katanga ikaitwa Shaba mwaka 1971, ikarudishiwa jina lake mwaka 1997, kisha mwaka 2015 ikagawanywa na kuzaa mikoa, Haut-Katanga ukiwa mmoja wao. Mjukuu aliyeko Ubelgiji anayetafuta shule ya babu yake huenda akaandika jina la zamani. Kwenye anwani weka jina la leo. Jina la zamani liandike ndani ya makala. Hapo utawapata wote wawili.

Je, wajua kwamba nchi yetu iliwahi kuwa na herufi nyingine mtandaoni? Tarehe 17 Mei 1997, Laurent-Désiré Kabila akiwa hapa hapa Lubumbashi alijitangaza mkuu wa nchi, na Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Agosti mwaka huo huo kikoa .cd kikasajiliwa. Kile cha zamani, .zr, kilifutwa kabisa mwaka 2001. Anwani yoyote iliyoishia na .zr haifunguki tena popote duniani.

Je, wajua kwamba herufi mbili za mwisho hazichaguliwi kwa kupenda? Zinatoka kwenye orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi. Sisi ni CD, jirani zetu wa Brazzaville ni CG. Kenya ilipata .ke mwaka 1993. Uganda na Tanzania zikapata .ug na .tz mwaka 1995. Ukikosea herufi moja, umevuka mto Kongo bila kujua.

Je, wajua kwamba .cd nusura iingie mikononi mwa wezi? Kikoa hicho kinasimamiwa na SCPT, shirika la umma la posta na mawasiliano. Mwishoni mwa 2020, mtafiti wa usalama Fredrik Almroth wa Uswidi aliona kwamba scpt-network.com, jina lililotajwa kati ya seva zinazoongoza watu kwenye tovuti za .cd, lilikuwa limeisha muda bila kulipiwa upya. Akalisajili yeye kabla mhalifu hajaliona, akawaarifu wahusika, na habari ikatangazwa Januari 2021. Kwa maelezo yake, aliyelishika jina hilo angepokea karibu nusu ya maulizo ya nchi nzima. Andika tarehe ya kulipia kikoa chako mahali unapopaona kila siku.

Je, wajua kwamba Google haiichukulii .cd kama kikoa cha Kongo peke yake? Vikoa vingi vya nchi, kama .ke na .tz, huiambia Google kwamba tovuti inawalenga watu wa nchi hiyo. Lakini ipo orodha fupi ya vikoa ambavyo Google huvihesabu kuwa vya dunia nzima, kwa kuwa wageni wengi huvinunua kwa sababu ya herufi zake. Humo mna .tv ya Tuvalu, .me ya Montenegro, .dj ya Djibouti, .sc ya Shelisheli na .cd yetu. Maana yake ni kwamba ukiwa na .cd bado inakubidi utaje Lubumbashi, komini na barabara ndani ya ukurasa. Herufi mbili hazitakusemea.

Je, wajua kwamba kipande kinachotangulia herufi za nchi humtambulisha mwenye tovuti? Chuo Kikuu cha Lubumbashi hutumia unilu.ac.cd, na "ac" huashiria taasisi ya elimu ya juu. Ofisi za serikali ya Kongo hutumia gouv.cd. Tanzania ina go.tz kwa serikali, ac.tz kwa vyuo, sc.tz kwa shule na co.tz kwa biashara, na Kenya ina mpangilio kama huo. Barua inayodai kutoka serikalini huku ikikupeleka kwenye anwani ya aina nyingine inastahili kuulizwa maswali.

Je, wajua kwamba jina la tovuti husomwa kuanzia kulia? Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya "https://", kisha rudi kushoto. Kwenye https://benki-yako.cd.example.com/ingia mwenye tovuti ni example.com, maneno "benki-yako.cd" ni pambo ambalo yeyote anaweza kujiwekea. Hila hii hutumika kuwanasa watu wanaotafuta kazi migodini au wanaotuma pesa kwa simu. Kabla ya kuandika namba ya siri, au kulipa "ada ya maombi", soma kutoka kulia. Ni kazi ya sekunde tano.

Je, wajua kwamba herufi "s" ndani ya "https" ina uzito kwenye utafutaji? Agosti 2014 Google ilitangaza kwamba tovuti zinazofunga mawasiliano kwa usimbaji zitapata nafasi nzuri kidogo zaidi. Julai 2018 kivinjari cha Chrome kikaanza kuandika onyo la kutokuwa salama kwenye kila ukurasa wa "http" tupu. Cheti kinachowezesha usimbaji huo hakina haja ya kuwa na gharama: shirika la Let's Encrypt limekuwa likivitoa bure kwa umma tangu Desemba 2015. Lakini tahadhari: "s" huonyesha kwamba njia imefungwa, haionyeshi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Hata tapeli hupata cheti.

Je, wajua kwamba ukurasa wako mmoja unaweza kuhesabiwa kuwa minne? Ukifunguka kwa "http" na kwa "https", ukiwa na "www" na usipokuwa nayo, hizo ni anwani nne zenye maandishi yale yale. Injini ya kutafuta hulazimika kubuni ipi ndiyo asili. Chagua moja, kisha tatu zilizobaki zielekezwe kwake. Februari 2009, Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana pia juu ya alama iitwayo "canonical", inayowekwa ndani ya ukurasa kutaja anwani yake halisi.

Je, wajua kwamba herufi kubwa hazina madhara upande mmoja wa anwani, ila zina madhara upande wa pili? Kwenye jina la kikoa, EXAMPLE.COM na example.com ni kitu kimoja. Baada ya mkwaju mambo hubadilika: kwenye seva nyingi /Kinsevere na /kinsevere ni kurasa mbili tofauti, na mmoja wao unaweza usiwepo. Andika herufi ndogo tupu, siku zote.

Je, wajua kwamba Google hupendekeza kistari cha katikati kutenganisha maneno? Andika /bei-ya-shaba, usiandike /bei_ya_shaba wala /beiyashaba. Kistari cha katikati huonyesha wazi neno linapoishia na jingine linapoanza. Hata hivyo Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, hutumia kistari cha chini, kama hapa: sw.wikipedia.org/wiki/Jamhuri_ya_Kidemokrasia_ya_Kongo. Na kurasa zake huonekana vizuri. Kistari husaidia, ila maandishi yaliyoshiba ndiyo yanayobeba ukurasa.

Je, wajua kwamba WordPress inaweza kukupa anwani isiyosema lolote? Usipobadili mpangilio wake wa kawaida, makala yako inaweza kuitwa /?p=123. Hakuna binadamu anayejua 123 ni nini. Ingia kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu, chagua ule unaotumia kichwa cha makala, kisha ufupishe. Kichwa kama "Mambo Kumi Unayopaswa Kuyajua Kabla ya Kununua Pikipiki Kinsevere" kitosheke na /kununua-pikipiki-kinsevere. Hata ukiongeza mambo hayo yakafika kumi na tano, anwani haitakuwa imesema uongo. Na fanya hivyo siku ya kwanza, kabla watu hawajaanza kuzisambaza zile za namba.

Je, wajua kwamba kurundika maneno kwenye anwani hakukupandishi? Wahandisi wa Google wamesema mara kwa mara kwamba maneno ya anwani yana uzito mdogo sana katika upangaji wa matokeo. Septemba 2012 walipunguza pia faida ya tovuti duni zilizonunua kikoa kinachofanana neno kwa neno na kile watu wanachotafuta. Anayejiita kazi-kazi-kazi-mgodini hapati lolote. Faida ya anwani safi iko kwa mtu: anaiona kwenye matokeo au kwenye WhatsApp, anaielewa, anaiamini, anaibofya.

Je, wajua kwamba alama za Kifaransa huteseka kwenye anwani? Mfumo wa zamani wa anwani ulijengwa kwa herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache. Herufi "é" ikinakiliwa hugeuka %C3%A9, na nafasi tupu kati ya maneno hugeuka %20. Anayetuma anwani ya makala kuhusu Élisabethville anaweza kujikuta ametuma msururu wa asilimia na tarakimu. Andika /elisabethville, alama uziache ndani ya makala.

Je, wajua kwamba Kiswahili hupita kwenye anwani karibu bila kuguswa? Herufi zetu zote zimo. Kikwazo ni ritifaa ya "ng'": /soko-la-ng'ombe linaweza kugeuka /soko-la-ng%27ombe, au mfumo ukaifuta tu. Jiamulie mwenyewe na uandike /soko-la-ngombe. Kwenye kichwa cha makala, ng'ombe abaki na ritifaa yake.

Je, wajua kwamba jina la kikoa linaweza kuandikwa kwa Kiarabu kuanzia mwanzo hadi mwisho? Waswahili wa Muscat wanajua kwamba Oman, mbali na .om, ina kikoa cha juu cha herufi za Kiarabu. Kwa ndani, kompyuta hukihifadhi kama xn--mgb9awbf. Ukiona "xn--" mwanzoni mwa kipande cha jina, ujue nyuma yake kuna herufi zilizo nje ya zile za Kiingereza.

Je, wajua kwamba tovuti kubwa za Kiswahili zimechagua njia tatu tofauti za kuonyesha lugha? Wikipedia hutumia kikoa kidogo: sw.wikipedia.org. BBC na Deutsche Welle hutumia njia: bbc.com/swahili na dw.com/sw. Sauti ya Amerika ilichukua kikoa kizima: voaswahili.com. Zote tatu zinakubalika. Kwa mwenye tovuti ndogo, njia ya pili ndiyo nafuu: unalipia kikoa kimoja, na sifa inayopata sehemu ya Kifaransa inaifaa na ile ya Kiswahili.

Je, wajua kwamba Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake? Katika orodha ndefu ya lugha za dunia, Kiswahili cha pwani ni "swh" na cha Kongo ni "swc". "Sw" ni cha jumla. Kwa tovuti, Google hutumia msimbo mfupi wa lugha na wa nchi, kwa hiyo ukurasa unaowalenga Waswahili wa Kongo hutambulishwa kama sw-CD. Lakini kuandika /sw/ kwenye anwani hakutoshi: Google hutambua lugha kwa kusoma maandishi yanayoonekana. Menyu ya Kifaransa juu ya makala ya Kiswahili inawachanganya watu na mashine pia.

Je, wajua kwamba kinachofuata alama ya reli (#) hakifiki kwenye seva? Kivinjari chako hukitumia chenyewe kukushusha hadi sehemu uliyotaka. Kinachofuata alama ya kuuliza (?) hufika, na hapo ndipo anwani hurefuka. Ukikuta "utm_source", hiyo ni alama ya kuhesabu wageni, na jina lake limetokana na kampuni ya Urchin ambayo Google iliinunua mwaka 2005. Ukikuta "fbclid", anwani imepitia Facebook. Mara nyingi unaweza kukata alama hizo kabla ya kumtumia mtu, na ukurasa utafunguka vilevile.

Je, wajua kwamba kila kipande cha jina la kikoa kina kikomo cha herufi 63, na jina zima halizidi 253? Wasiwasi wako uwe juu ya kipimo kingine: ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160. Anwani yenye herufi 120 inamwachia mtumaji nafasi ndogo hata ya kusalimia. Na jina litakalotangazwa redioni lazima mtu aweze kuliandika baada ya kulisikia mara moja.

Je, wajua kwamba kuna anwani mbili ambazo roboti za utafutaji hupenda kuzikuta? Ya kwanza ni /robots.txt, ambamo unaziambia wapi zisiingie. Utaratibu huo ulibuniwa na Martijn Koster mwaka 1994. Ya pili ni ramani ya tovuti, faili linaloorodhesha kurasa zako zote. Ramani moja hubeba hadi anwani 50,000. Tovuti ya shule yenye kurasa thelathini inaweza kuorodheshwa yote kwa dakika chache.

Je, wajua kwamba 404 na 301 ni namba zenye hatima tofauti? 404 humwambia mgeni kwamba ukurasa haupo. 301 humwambia kwamba umehamia mahali pengine kwa kudumu, kisha humpeleka huko, kama jirani mwema anayemsindikiza mgeni hadi kwenye nyumba yako mpya. Ukibadili anwani bila kuweka 301, unapoteza viungo vyote ambavyo watu walikuwekea kwa miaka. Google inashauri uelekezaji huo uachwe kwa angalau mwaka mmoja. Berners-Lee alishaandika mwaka 1998 kwamba anwani njema ni ile isiyobadilika. Sisi tulioona mji, mkoa na nchi vikibadilishwa majina tunajua ni kiasi gani cha kumbukumbu hupotea pale asipokuwepo wa kumwelekeza mgeni.

Basi, ndugu msomaji, leo hii fungua tovuti ya shule yako, parokia yako, ushirika wako au duka lako, usome mstari ulio juu. Je, una "https"? Je, unataja mahali ulipo kwa jina ambalo wateja wako hulitumia? Je, ni mfupi, wa herufi ndogo, wenye vistari vya katikati? Kikoa kinaisha muda lini, na nani analipa? Palipo na kasoro, rekebisha sasa, weka 301, kisha uache anwani hiyo ikae. Kinsevere isijulikane kwa shaba yake tu. Mafundi, walimu na wafanyabiashara wake nao wana haki ya kupatikana.